Nyumba Zilizosogezwa kwa Kalamu

Shangazi alifika ofisini kabla maji ya chai hayajachemka, na kicheko chake kilipanda ngazi kabla yake.

"Unamtafuta nani, mama?" mlinzi alimuuliza.

"Namtafuta mtoto wangu anayechora nchi."

Mlinzi akacheka, akampeleka moja kwa moja kwenye chumba cha wachoraji. Aliyetafutwa alikuwa ameinamia meza ya kioo yenye taa chini yake. Pale ofisini walimwita Mama Wembe. Kosa la wino kwenye ramani halifutwi kwa raba. Hukwanguliwa kwa wembe, taratibu, na hakuna aliyekwangua safi kama yeye. Alikuwa mchoraji mkuu wa serikali. Siku ile ramani kubwa kuliko zote alizowahi kuchora, ramani ya mpaka kati ya nchi yao na nchi jirani, ilikuwa isainiwe saa kumi alasiri.

"Shangazi! Umesafiri usiku kucha? Kuna nini?"

"Kuna heri tupu." Shangazi aliweka kifurushi chake sakafuni, akakaa bila kukaribishwa, maana mtu aliyekulea hangoji kuonyeshwa kiti. "Nimekuja kukushukuru mwenyewe. Simu haina adabu kwa jambo kama hili."

Huyu ndiye aliyemchukua Mama Wembe baada ya wazazi wake kufariki, akamlea katika nyumba ya mawe ndani ya korongo, kando ya mto. Mto huo ndio mpaka. Kwa miaka mingi mpaka ule haukumsumbua mtu; watu waliusikia ukipita usiku, basi.

"Wamekuja na kipaza sauti," Shangazi aliendelea. "Wamesema pande zote mbili za mto utawekwa ukanda wa mita mia toka ukingoni. Hakuna kuishi, hakuna kulima, hakuna kupita. Watu wakashika vichwa. Mimi nikasema basi, maji yamezidi unga. Halafu yule bwana akasema msiogope, ramani imeonyesha kwamba hapa korongoni hakuna nyumba hata moja ndani ya ukanda. Hakuna atakayehamishwa! Watu wakapiga vigelegele. Nikawaambia, mnajua nani kaichora?"

Mama Wembe aliweka kalamu chini.

"Shangazi, toka mlangoni kwako mpaka mtoni ni mbali kiasi gani?"

"Swali gani hilo? Si umekulia pale? Nikisahau sabuni mtoni namwita mjukuu aniletee, na ananisikia."

"Unapaza sauti?"

"Kwa nini nipaze sauti? Kwani mjukuu ni kiziwi?"

Mama Wembe alitabasamu kwa midomo tu. Alimwomba Shangazi akapumzike kwenye benchi la ukumbini, akamtafutia chai, kisha akarudi mezani na kuweka kioo cha kukuzia juu ya korongo.

Nyumba zilikuwa pale alipoziweka mwenyewe miezi mingi iliyopita: alama ndogo nyeusi za mraba, nadhifu, mbali na mto.

Katika ramani ile, milimita moja ya karatasi ilikuwa mita hamsini za ardhi. Mahali penye nafasi, hesabu hiyo haina taabu. Lakini ndani ya korongo, mto, mpaka, barabara na nyumba vilibanana kama watu watano kwenye benchi la watatu. Ukivichora vyote mahali pake hasa, unapata doa la wino lisilosomeka. Kwa hiyo wachoraji wana kanuni, na kila mmoja hufundishwa mwanzoni kabisa. Mto haumpishi mtu, unabaki ulipo. Alama ya mpaka hupewa nafasi yake kando ya mto. Barabara husukumwa kidogo isiguse mpaka. Na nyumba, kwa kuwa ndizo ndogo, husukumwa zaidi. Mfuatano unabaki wa kweli: kwanza mto, kisha barabara, kisha nyumba. Mtu akitembea na ramani ile hapotei. Umbali tu ndio unaolipa gharama.

Wakati anazichora nyumba hizo, hakuna aliyekuwa amewaza ukanda. Ukanda ulikuja baadaye, kutoka kwa wanajeshi, waliochukua rula, wakapima milimita mbili toka mtoni, wakafurahi kuona hakuna kitu njiani.

Lakini askari hawangepima kwa rula. Wangefika korongoni na kamba, wangeifunga ukingoni mwa mto, wangeivuta. Na kamba ingepita mlango wa Shangazi, jiko lake, uani kwake, na kuendelea.

*

Mkurugenzi alikuwa akifunga tai mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa nyuma ya mlango. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mchoraji anaijua kanuni hiyo, mzee."

"Sijauliza kanuni. Nimeuliza nani amelisema jambo hili."

"Bado mimi tu."

"Basi libaki hivyo mpaka saa kumi." Aliifungua tai, akaanza upya. "Mama, sikiliza. Kile kilima cha kaskazini, tumekipata kwa ramani hii hii. Wenzetu wa ng'ambo wamekipigania mwaka mzima. Wakisikia kitu kimoja kimesogezwa, watasema kila kitu kimesogezwa. Watasema na kilima tumekivuta kwa kamba. Unataka tuanze vita tena kwa sababu ya nyumba chache?"

"Askari wanaingia lini kwenye ukanda?"

"Bendera zikishapandishwa. Kesho asubuhi."

"Na atakayekutwa ndani?"

Mkurugenzi akavuta fundo la tai.

"Mzee, amri yao inasemaje?"

"Inasema atahesabiwa kuwa adui. Usinifanye niseme zaidi ya hapo." Akageuka, na uso wake haukuwa wa mtu mbaya, ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo na kuambiwa aongeze mwingine. "Nitawaandikia makao makuu ya jeshi barua. Tukishasaini tu, nitaandika."

"Barua itafika kabla ya asubuhi?"

Akarudi kwenye tai yake. "Shangazi yako yuko hapa, si ndiyo? Nimemwona. Mzuie mjini. Mwambie umeugua, mwambie lolote. Mambo yakitulia atarudi."

Wazo hilo lilimwingia Mama Wembe kama kivuli kinavyoingia kwa mtu aliyetembea juani. Lilikuwa zuri. Lilikuwa rahisi. Shangazi angelala kwake, wangepika pamoja, wangecheka.

"Na majirani zake?" aliuliza mwishowe. "Na mjukuu anayepeleka sabuni?"

"Saa kumi," Mkurugenzi alisema. "Vaa koti lako zuri."

*

Ramani ya mpaka haichorwi na mkono mmoja. Nchi jirani nayo ilikuwa imeleta mchoraji wake, mzee mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tangu msimu wa mvua uliopita, wawili hao walikuwa wamekaa meza moja, yeye akichora ukingo wake, Mama Wembe ukingo wake, kila mmoja akikagua kazi ya mwenzake. Walikuwa wanaitana Jirani. Alikuwa na utani mwingi. Mto ukiwa mnene upande wa Mama Wembe alimwambia, "Jirani, umeupa chakula gani?"

Alimkuta akinoa ncha ya kalamu isiyohitaji kunolewa.

"Jirani, upande wako wa korongo umesogeza nini?"

"Na mimi nimeamka salama, ahsante kwa kuuliza."

"Leo sina utani."

Mzee aliiweka kalamu. "Nimesogeza nilichofundishwa kusogeza. Kama wewe."

"Kuna nini pale?"

"Zahanati. Na nyumba ya muuguzi, na vibanda nyuma yake." Akapunguza sauti. "Nimeliona, dada. Nimeliona tangu juzi waliposoma kifungu cha ukanda. Chakula hakishuki."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe je? Kifungu kilisomwa mbele yetu sote. Ungeliona, kama shangazi yako asingepanda ngazi na kifurushi?"

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Siku ile kifungu kiliposomwa alikuwa anawaza unene wa herufi za kichwa cha ramani.

"Basi tuseme wote wawili," alisema. "Tukisema pamoja hakuna atakayeweza kumsingizia mwenzake."

Jirani alicheka, lakini kicheko hakikuwa na hewa ndani. "Wewe ukisema watakuhamisha ofisi. Mimi nikisema watanihamisha duniani. Kwetu mtu anayeharibu mkataba hapokelewi na barua ya onyo. Anapokelewa na gari lisilo na namba."

"Na muuguzi?"

"Usinitajie muuguzi."

"Anaamka asubuhi, anafungua mlango wa zahanati..."

"Nimesema usinitajie!" Kisha, polepole: "Nina wajukuu, Jirani. Nenda ukavae koti lako."

Mama Wembe hakwenda kuvaa koti. Alikwenda kwenye stoo ya karatasi, mahali pekee palipokuwa na mlango unaofungika, akapiga magoti kati ya mabunda. Alikuwa mtu wa sala tangu utotoni na alizoea kumwambia Mungu mambo mengi kwa mpangilio mzuri. Safari hii mpangilio ulimtoroka. Alijaribu kuomba kwamba asiulizwe. Akaona aibu, maana alijua anaomba kichaka cha kujificha. Akajaribu kuomba ujasiri, na hilo nalo likasikika kubwa mno mdomoni. Mwishowe alisema tu, "Bwana, usinipe ujanja. Nipe maneno machache, na uyafanye yawe ya kweli." Akakaa pale mpaka magoti yakamuuma, akisubiri kutulizwa. Hakutulizwa. Alitoka na hofu ile ile aliyoingia nayo, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na pazia lililofungwa ili jua lisiguse ramani. Upande mmoja walikaa watu wa ujumbe wao: Mkurugenzi, Brigedia wa askari wa mpakani, na makarani wa kuandika kumbukumbu. Upande wa pili walikaa wageni, wakiongozwa na mwanadiplomasia mnene mwenye sauti tamu, na kamanda wa jeshi lao kando yake. Katikati alikaa Jaji, mstaafu kutoka nchi ya tatu, aliyeletwa kusuluhisha. Ramani ilikuwa imelazwa mbele yake, na kalamu mbili za kusainia juu yake.

Kabla ya kusaini, wachoraji walitakiwa kula kiapo. Maneno yalikuwa yamepigwa chapa kwenye kadi. Kura ilikuwa imewapa wageni nafasi ya kwanza.

Jirani alisimama. "Naapa kwamba ramani hii ni sahihi," alisoma, "na kwamba inaweza kutegemewa kwa kila kipimo kilichotajwa katika mkataba huu." Kwenye maneno *kila kipimo* sauti yake ilizama kama mguu kwenye matope. Akaketi bila kumtazama mtu.

Kadi ikaletwa kwa Mama Wembe. Aliona Mkurugenzi akimwangalia. Alijua kwamba nje ya mlango ule, kwenye benchi, Shangazi alikuwa akimsimulia mlinzi kuhusu mtoto wake.

"Naapa kwamba ramani hii ni sahihi," alisoma. Akasimama hapo.

"Endelea, mama," Jaji alisema.

"Sehemu inayofuata siwezi kuiapa, Mheshimiwa Jaji."

Mtu aliyekuwa anamimina maji akaacha. Mkurugenzi alisimama haraka, akitabasamu. "Mheshimiwa, naomba radhi. Mama huyu amefanya kazi bila kupumzika. Amechoka, amechanganyikiwa kidogo. Tumpe dakika chache."

"Amechanganyikiwa?" Jaji alimtazama Mama Wembe. "Mama, umechanganyikiwa?"

"Naogopa, Mheshimiwa. Kuchanganyikiwa bado."

"Basi eleza."

Akaeleza. Alieleza habari ya benchi na watu watano, mto usiompisha mtu, na nyumba zinazosukumwa ili zisomeke. Alisema kanuni ile si uongo, kila nchi inachora hivyo, na ramani ingefaa kwa msafiri, kwa mwalimu, hata kwa mkusanya kodi. Ila haikuchorwa kwa kamba ya mita mia. "Kwenye karatasi hakuna nyumba ndani ya ukanda," alisema. "Kwenye ardhi zipo."

Brigedia aliinua kichwa. Alikuwa mtu mzito asiyependa maneno. "Unaniambia vijana wangu kesho wangekuta nyumba?"

"Wangekuta watu, Brigedia. Watu walioambiwa kwa kipaza sauti kwamba wako salama."

Ndipo mwanadiplomasia alipopata alichokuwa akikitafuta mwaka mzima. Alipiga meza kwa kiganja. "Wamekiri! Mheshimiwa, wamekiri kwa mdomo wao! Ramani imechezewa. Kama nyumba zimesogezwa, mpaka umesogezwa, na kilima kimesogezwa. Naomba ramani yote ifutwe!"

"Imechezewa na nani?" Mkurugenzi akafoka. "Mchoraji wenu alikuwa wapi, analala?"

"Mchoraji wetu ameapa! Wako ndiye aliyeshindwa!"

Kelele zikapanda. Makarani walikuwa wamesimama. Mtu mmoja mlangoni alikuwa ameshaondoka mbio kupiga simu, na Mama Wembe alijua simu ile ikifika inakokwenda, askari wa pande zote mbili hawangengoja bendera. Alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa imesimama peke yake katikati ya chumba kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Jaji alipiga kengele mpaka wakanyamaza, akaamuru yule aliyekimbilia simu arudishwe. Akamgeukia Jirani. "Wewe umeapa. Anayosema mwenzako unayajua?"

Mzee alivua miwani. Akaitazama, akaanza kuufungua ule uzi, akaufunga tena.

"Hajachanganyikiwa," alisema.

"Kaa chini!" mwanadiplomasia alimwambia, ingawa hakuwa amesimama.

Hapo ndipo aliposimama. "Nitakaa, mheshimiwa, nikimaliza. Magoti yangu yenyewe yananiomba. Upande wetu kuna zahanati. Nimeisogeza mimi, kwa mkono huu, kama alivyosogeza yeye zake. Kiapo changu nakirudisha. Niliapa kwa woga, na woga bado ninao, kwa hiyo msidhani nimekuwa shujaa."

"Na kilima?" Jaji aliuliza. "Kimesogezwa?"

Wachoraji wawili walitazamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kule juu kuna nafasi," alisema Mama Wembe. "Hakuna kilichobanana, kwa hiyo hakuna sababu ya kusukuma kitu. Hakikuguswa."

"Ningependa niseme vingine," Jirani aliongeza, "wangenifurahia kwetu. Lakini kilima kiko kilipo."

Jaji aliahirisha kikao. Wajumbe walikwenda kufokeana vyumba viwili tofauti, milango ikifunguliwa na kufungwa, na wachoraji wakabaki mezani kama wanafunzi waliozuiliwa darasani. Mara moja Jirani alimsogezea glasi ya maji, naye akanywa.

Waliporudi jua lilikuwa limeteremka upande wa pili wa pazia. Hakuna upande uliofanikiwa kuitupa ramani, maana kila upande ungelazimika kumtupa pamoja nayo mchoraji wake mwenyewe. Jaji alisoma uamuzi. Mkataba ungeambatanishwa karatasi ya pili, ya korongo peke yake, kwa kipimo kikubwa, ambamo kila kitu kingekaa palipo pake. Askari hawangeingia korongoni mpaka karatasi hiyo isainiwe na kila nyumba itakayoonekana ndani ya ukanda iwe imehamishwa kwa heshima, baada ya mavuno, kwenye viwanja nje ya ukanda.

"Na ukanda?" Mama Wembe aliuliza. "Hauwezi kupunguzwa pale?"

Brigedia alitikisa kichwa. Mwenzake wa upande wa pili naye akatikisa. Katika mwaka mzima wa mazungumzo, hilo ndilo jambo pekee ambalo majeshi mawili yalikubaliana bila kubishana.

"Kisichokuwa kwenye ramani hakina haki ya kuhamishwa," alisema Jaji, si kwa ukali. "Kitapondwa tu. Kichoreni, ili kiwepo."

*

Shangazi alikuwa bado kwenye benchi. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa. Mlinzi alikuwa anatafuna kitu.

"Mmemaliza? Mbona umekuwa kama mtu aliyemwagiwa maji?"

Mama Wembe alikaa karibu yake, akamwambia yote. Hakuanza na habari njema. Wakati anaendelea, mlinzi alinyanyuka taratibu akaenda kuangalia geti ambalo halikuhitaji kuangaliwa.

Shangazi alikisogeza kifurushi pembeni. Kisha akauliza, "Aliyewaambia ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wao walikuwa hawajui?"

"Walikuwa hawajui."

"Nyumba ile nimeijenga na mume wangu kwa mawe ya mto. Umekulia mle. Umeugulia mle. Walikuwa wamesema tubaki, na watu wakapiga vigelegele, halafu mtoto wangu mwenyewe akanyanyuka akasema hapana, waondoeni."

"Wangekupiga risasi, Shangazi. Ukienda kuchota maji, ukiwa uani kwako."

"Najua." Shangazi alifuta magoti yake yasiyokuwa na vumbi. "Usidhani sijui. Nimesikia ulivyosema. Lakini niache nikasirike kwanza, maana nyumba ni yangu."

Akamwacha akasirike. Mara kwa mara mguu wa mtu ulipita ukumbini, ukapunguza mwendo, ukaendelea.

"Mnaichora lini hiyo karatasi nyingine?" Shangazi aliuliza mwishowe.

"Sasa hivi. Vipimo vya uwandani tunavyo. Wanaisubiri."

"Nataka kuona."

Wageni hawaruhusiwi kwenye chumba cha wachoraji wakati wa kazi ya mkataba. Mama Wembe alimshika mkono, wakaingia. Jirani alikuwa tayari ametandika karatasi mpya juu ya kioo na kuwasha taa chini yake. Alipomwona Shangazi alisimama, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mnayesogezeana naye nyumba?"

"Ndimi, kwa masikitiko."

"Mrefu hivi, na kazi yako ni kuinama."

Wakaanza. Kwa kipimo kile korongo lilipumua. Mto ulikuwa na kingo mbili, barabara ilirudi mahali pake, na mstari wa ukanda, mwekundu, ulipita mbali nyuma ya kila kitu. Jirani alichora zahanati, akaipulizia wino ukauke. Mama Wembe alisoma kipimo, akaweka rula, akaishusha kalamu. Hakuwa na haja ya kusoma. Mkono wake uliijua nyumba ile. Mraba mweusi ukatokea ndani kabisa ya ukanda.

Shangazi aliinamia kioo cha kukuzia. "Hiyo ndiyo nyumba?"

"Ndiyo."

"Na jiko? Jiko langu liko nje."

"Majiko ya nje hatuchori, Shangazi."

"Huyo jaji amesema nini? Si amesema kisichochorwa kitapondwa tu? Chora jiko. Na choo chora. Kama wanabomoa, wabomoe wanachokijua."

Jirani alikohoa, akatazama dari. Mama Wembe akachora jiko. Akachora choo, alama ndogo kuliko zote alizowahi kuchora katika kazi ya serikali.

"Na nyuma hapo, palipo na mawe manne. Babu yenu."

Kalamu ilisita. Kisha ikachora kaburi, kwa alama yake, ndani ya mstari mwekundu.

"Waandike wenyewe barua ya kumhamisha," Shangazi alisema. "Nataka niisome." Akainuka, akafunga upya kifurushi chake kilichobaki nusu. "Kuna basi la jioni?"

"Lala kwangu, Shangazi. Utaondoka kesho."

"Nilale vipi na nina nyumba ya kufungasha? Nikiwaachia majirani wapigwe tena na kipaza sauti, si watakufa kwa presha? Habari hii nitaipeleka mimi. Na nitawaambia ni nani kaisema, wakikutukana watukane wakinitazama."

Mama Wembe alitaka kuuliza kama amesamehewa. Hakuthubutu. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, akimwona mgeni mahali pasipo na wageni. Alinyoosha mkono tu kuonyesha kwamba wanasubiri karatasi.

Shangazi alisimama karibu naye akamgeukia mpwa wake. "Mavuno yakiisha, uje. Kuna mabati ya kushusha, na misumari yote nataka itolewe mizima, sitaki mtu wa nyundo za hasira. Na huyu mrefu mlete, atafika darini bila ngazi."

"Mama," alisema Jirani, "sijui kama nitaruhusiwa kuvuka. Sijui hata kama nitaruhusiwa kufika kwangu."

Shangazi alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Basi nitakuombea kwa jina lako la ukoo. Niambie unaitwa nani."

Akamnong'oneza. Shangazi akalirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, akatoka. Mama Wembe aliangalia kama wino umekauka, akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaipeleka.